Kijisanduku cha Vyumba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mshauri wa hospitali ameniambia nianze kuandika. Kila siku, hata mstari mmoja, niseme najisikiaje. Nikamwambia kazini naandika kila siku: saa, nyuzi za joto, shinikizo, pampu ngapi ziko hai. Akacheka kwa adabu, akasema hilo ni daftari la mashine, sasa niandike la kwangu.

Haya. Leo najisikia sawa. Miezi minane imepita tangu mume wangu afe na najisikia sawa. Nakula, nalala, naitikia salamu. Watu wanasema najikaza. Sijikazi, sina cha kukaza.

Nieleze kazi, maana mshauri akilisoma hili ataona giza tupu. Mimi na mume wangu tulifanya kazi maabara moja. Yeye alikuwa mkuzaji wa fuwele, mimi mpimaji. Fuwele zake ni vipande vyeusi vinavyong'aa, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vya madini yenye shaba ndani. Ukivipoza sana, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata chembe, na mpaka leo wataalamu wanabishana kwa nini. Alichodai yeye ni kwamba kabla umeme haujaanza kupita hivyo, baadhi ya elektroni hujipanga mistari, na zilizojipanga hazisogei. Wanafunzi alikuwa akiwaambia wafikirie foleni ya benki: mji mzima unatembea, lakini waliosimama foleni hawaendi popote. Akadai zaidi kwamba ukiipika fuwele kwenye oksijeni, mistari hiyo hupungua hatua kwa hatua mpaka inafutika. Makala yake ikatoka, watu wakaisoma, akapigiwa makofi kwenye kongamano.

Kisha akaenda dukani kununua balbu za tanuri lake, linalopika kwa mwanga, moyo ukasimama akiwa kwenye foleni. Na Januari hii wenzetu wa ng'ambo wakaandika kwamba wamejaribu kwa fuwele zao na hawakuona anachosema. Mhariri wa jarida ametupa hadi tarehe 30 Mei. Ama tuthibitishe, ama tuifute makala.

Vimebaki vipande saba alivyovikuza kwa mikono yake, vyote kutoka mche mmoja wa fuwele, kila kimoja kimepikwa kwenye oksijeni kwa muda wake. Cha kwanza kidogo, cha saba sana. Viko kwenye kijisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, vimepangwa safu moja. Kukipima kipande ni kukipasua, na kikishapasuliwa ndiyo basi.

Profesa, mkuu wa maabara yetu, amenipa kazi hiyo mimi. Amesema hakuna anayefaa zaidi. Nimesema sawa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kipimo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakuna kipimo. Mama mkwe, ninayeishi naye, alipika, nikala.

Alhamisi, 6 Machi

Mashine yetu ina ncha ya chuma iliyochongwa mpaka mwisho wake umebaki atomu moja. Ncha hiyo hutembea juu ya fuwele bila kuigusa, karibu sana, ikisoma elektroni zimekaaje. Shida yake ni masikio. Inasikia mlango wa choo, viatu vya Profesa, lori barabarani. Mvua ikipiga juu ya bati letu, picha inatoka kama imechorwa na mtu mwenye homa. Kwa hiyo msimu huu wote tutapima asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya, na siku yakianza alfajiri tunakaa tunatazamana.

"Mashine hii mbea, dada," alisema Fundi. Fundi mitambo ndiye anayeijua kuliko sisi wenye vyeti. "Haikosi neno la mtu."

"Ifundishe kunyamaza."

"Nimeshindwa kumfundisha mama mkwe wangu, nitakiweza chuma?"

Alikuwa anakata mkanda wa kufungia bomba kwa mkasi aliouacha mume wangu, ukawa unatafuna tu. Akasema mkasi huu una roho mbaya, unamtaka mwenyewe. Halafu akanitazama kuona kama amenikosea. Hakunikosea. Nikampa wa kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi kavu. Kipande cha kwanza.

Kwanza unakipoza polepole uone kinaanza kupitisha umeme bila hasara kwenye nyuzi ngapi. Namba ikalingana na ya daftari la mume wangu kabisa. Daftari lake linasema namba hizo hupanda kutoka cha kwanza hadi cha nne, kisha hushuka hadi cha saba, kama kilima alichochora mtoto wa shule, kupanda sawa na kushuka.

Halafu unakipasua. Juu yake tumeshabandika kijiti kwa gundi. Ndani ya mashine, kwenye ombwe na baridi ile, unakigonga kijiti, kinang'oka na tabaka la juu kama ukurasa wa kitabu. Kinachobaki ni uso mpya ambao hewa haijawahi kuugusa. Una siku chache za kuusoma.

Nimeusoma kwa saa tano. Hakuna mistari. Cha kwanza, kwa mujibu wake, ndicho chenye mistari mikali kuliko vyote.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudia. Hakuna mistari.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ijumaa ni siku ya kumpangia mama mkwe dawa za wiki. Zamani aliyekuwa akimpangia ni mwanawe, mume wangu. Alinunua vijisanduku viwili vya aina moja siku moja, kimoja cha mama, kimoja cha fuwele, na mama akawa anamtania kwamba kwake mama na mawe ni sawasawa. Vidonge vya mama ni vilevile kila siku, naweza kuvipanga nimefumba macho.

Jumatano, 19 Machi

Kipande cha pili. Nyuzi zimelingana. Mistari hakuna.

Profesa alisimama nyuma yangu akiitazama picha. Alisafisha miwani, akaitazama tena.

"Labda ncha ni butu, Daktari."

"Niliibadilisha jana, Profesa."

"Labda umeme wa jengo."

"Labda."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Kipande cha tatu. Mistari ipo, hafifu, ukiitafuta. Daftari linasema ingekuwa mikali. Nimeandika kwenye daftari la mashine: hafifu. Nilikula mkate nikiwa nimesimama.

Jumanne, 1 Aprili

Dada yangu alipiga simu kuuliza kama nimeanza kulia. Nikamwambia bado, kama vile ni treni inayochelewa. Yeye ndiye akalia. Nikamsubiri amalize.

Jumatano, 9 Aprili

Kipande cha nne. Hiki kimekubali. Kila kitu kama daftari linavyosema: nyuzi, ukali wa mistari, nafasi kati ya mstari na mstari, hata ile mistari kupinda kidogo karibu na dosari. Fundi alinipiga begani. Profesa alisema kimoja kati ya vinne kinaweza kuwa bahati.

Niliitazama picha muda mrefu. Mistari myeupe, kila baada ya atomu nne hivi, imetulia. Nilijua napaswa kufurahi, nikangoja, furaha haikuja, nikaenda kuosha kikombe.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hakuna kipimo.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Heliamu ya kupozea inapungua. Hakuna kipimo.

Alhamisi, 24 Aprili

Kipande cha tano. Hapa mistari ilipaswa kuwa inakufa. Ni mikali kuliko ya cha nne.

Jumanne, 29 Aprili

Kipande cha sita. Mistari mikali sana, hata Fundi aliiona kutoka mlangoni. Daftari linasema cha sita hakina kitu.

Kwa hiyo mistari inaongezeka pale alipoandika inapungua. Na vipimo vyote vya pembeni, kama nafasi kati ya mistari, vinakwenda kinyume na daftari kwa utaratibu uleule, isipokuwa nyuzi.

Jumatano, 30 Aprili

Profesa aliniita ofisini. Alifunga mlango, jambo ambalo hafanyi.

"Daktari, nitasema wazi. Nadhani tanuri lilimshinda. Aliandika amepika kwa saa kadhaa, lakini oksijeni iliingia kadiri ilivyotaka yenyewe. Hata makala yenyewe basi ilijengwa juu ya vipande asivyovijua."

"Alikuwa anakesha na tanuri lile, Profesa."

"Kukesha hakuzuii kukosea."

Hilo kweli.

"Nampenda marehemu kama mwanangu," alisema. "Lakini tukingoja wenzetu watuumbue, litakuwa jina lake, na lako, na langu. Tukiifuta wenyewe, tutasamehewa. Tuandike barua. Wewe ndiye uliyepima, utie sahihi pamoja nami."

Nikamwambia bado kuna cha saba. Akasema tunajua cha saba kitasema nini, kitaendeleza pale cha sita kilipofika, na heliamu iliyobaki ni ya kipimo kimoja tu. Alisema kwa upole, si mtu mbaya. Ana mwaka mmoja kabla ya kustaafu na hataki kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 6 Mei

Nina hasira.

Naandika kwa sababu mshauri alitaka nijisikie kitu, na hiki ni kitu. Nina hasira na mume wangu. Nilikuwa nakata kitunguu jikoni nikajikuta nagombana naye kichwani, neno kwa neno. Ulipika kwa saa ngapi? Kwa nini hukupima oksijeni ukaridhika na saa ya ukutani? Ulikuwa unajua? Ulijua, ukaona uandike yanayopendeza, ukaniachia mimi nije nifute jina lako kwa mkono wangu? Nikamwita mwongo. Nikasema kwa sauti, jikoni: mwongo wewe.

Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni nimesema nini. Nikasema kisu hakikati.

Nikiwa na hasira nalala vizuri. Hilo nalo ni ajabu.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Nimegombana naye njia nzima kwenda kazini.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Rasimu ya barua imefika. Mistari tisa. "Kwa masikitiko tunaarifu kwamba matokeo hayawezi kuthibitishwa kwa fuwele za mwandishi wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu." Nikasahihisha koma moja.

Jumanne, 13 Mei

Nimempeleka mama mkwe kliniki. Dawa yake ya presha imebadilishwa. Hii mpya ina nguvu, mwili lazima uizoee: siku mbili za kwanza robo kidonge, kisha nusu, kisha kimoja, siku ya sita kimoja na nusu, siku ya saba ndiyo viwili vizima. Nimemkatia na kumpangia kwenye kijisanduku, nikamwambia anaanza kesho. Akasema amesikia, yeye si kiziwi, ni mzee.

Jumatano, 14 Mei

Nimetia sahihi. Profesa atatuma Ijumaa saa sita mchana, anataka kwanza kumpigia mhariri. Kalamu ilikuwa nzuri, iliteleza. Fundi hakunisalimia nilipotoka. Alikuwa amesoma, barua ilikaa wazi mezani.

Mama mkwe anasema kichwa chepesi. Nikamwambia ni dawa mpya.

Ijumaa, 16 Mei

Sikuandika jana, naandika zote mbili.

Jana asubuhi nilikuwa nafunga viatu nikasikia ndoo inaviringika bafuni. Nikamkuta mama mkwe chini, mgongo ukutani, macho wazi, midomo imekauka. Akasema, "Usipige kelele, nimekaa tu." Mimi sikuwa nimepiga kelele. Jirani akaleta gari tukamkimbiza kliniki. Presha yake ilikuwa imeshuka mpaka muuguzi akapima mara mbili kwa vipimo viwili.

"Amekunywa ngapi?" muuguzi aliniuliza.

"Robo jana, na robo leo."

"Robo haiwezi kumwangusha mtu hivi. Dawa ziko wapi?"

Nilikuwa nimekiweka kijisanduku kwenye mkoba. Nikakifungua. Vyumba viwili vilikuwa vitupu, vya mwisho upande wa kulia. Robo zangu mbili zilikuwa palepale kushoto nilipoziweka. Alikuwa amekunywa viwili vizima siku ya kwanza, na kimoja na nusu siku ya pili.

"Mama," nikasema, "umeanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo ni huku, mama."

"Huko ni mwanzo wako." Alikuwa amelazwa na mpira wa maji mkononi, lakini sauti imerudi. "Mimi naanzia hapa, alivyonionyesha mwanangu. Kifungio cha kijisanduku mbele yako, unaanza kulia. Si alikuwa anatumia mkono wa kushoto? Akianzia kushoto mkono unapita juu ya vile alivyokwisha kupanga, unavivuruga. Nilimchapa vidole tangu ana miaka mitatu ashike kijiko kwa kulia, mpaka nikachoka mimi. Wewe umekaa naye miaka kumi na moja hukuona?"

Niliona. Mezani nilikaa kulia kwake ili viwiko visigongane. Mkasi ule ni wa watu wa mkono wa kushoto, nilimnunulia mimi mwenyewe. Niliyajua yote hayo kama unavyojua njia ya kwenu. Miezi yote hii mama amekuwa akianzia kulia nami nikianzia kushoto, na hakuna aliyegundua kwa sababu vidonge vilifanana.

Muuguzi akaniambia nikae nje kidogo. Kwenye korido kulikuwa na benchi na bango la kunawa mikono. Nikakaa na kijisanduku mapajani, kifungio mbele yangu. Nikahesabu kutoka kushoto, mpaka saba. Nikahesabu kutoka kulia. Cha nne kiko katikati, ukihesabu kutoka huku au kule, chumba ni kilekile. Na nyuzi ni kilima, kupanda sawa na kushuka, ukikipanda kwa nyuma hutajua. Na fuwele zimo kwenye kijisanduku cha aina hii hii; daftari lake limeandika cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halikuandika kutoka wapi. Hakuandika kwa sababu kwake kulikuwa na upande mmoja tu wa kuanzia.

Kilichonipata pale sikijui jina. Si furaha. Kama hivyo ndivyo, nilichokiita cha kwanza ni cha saba chake, kilichopikwa sana, ndiyo maana hakikuwa na mistari. Cha sita changu ni cha pili chake. Na kile kimoja kilichobaki, nilichokuwa nakiita cha saba, ndicho cha kwanza.

Jana hiyohiyo sikumpigia mtu. Niliogopa kwamba natafuta njia ya kumwokoa, mfa maji haachi kutapatapa. Nilikaa na mama mpaka alipolala. Leo asubuhi, saa nne, bado nilikuwa naona vilevile, nikampigia Profesa kutoka koridoni.

"Usitume barua."

"Daktari, mhariri anangoja simu yangu."

"Angoje. Nimehesabu vipande kinyume."

Nikamweleza. Nikamsikia anasafisha miwani, nadhani, au anapumua tu.

"Hicho ni kisa, Daktari," alisema mwishowe. "Kizuri, lakini kisa. Barua ina sahihi yako. Nionyeshe kipimo."

"Nipe mpaka wiki ijayo."

"Jumatano," akasema.

Mama amerudi nyumbani saa tisa. Nimempangia upya, kutoka kulia.

Jumatatu, 19 Mei

Kuna njia ya kujua bila kukipasua. Oksijeni ikiingia zaidi, tabaka za fuwele husogeleana kidogo, na hilo unalipima kwa eksirei. Mtambo wa eksirei uko kwenye darasa la wanafunzi wa mwaka wa pili, wa zamani, lakini ni mwaminifu. Hakuna aliyewahi kufikiria kuvipima hivi saba. Mkebe ukiandikwa chumvi, nani anaonja?

Tulikwenda na Fundi. Nilikishika kipande kwa kibano mwenyewe. Kipimo kilichukua dakika arobaini, wanafunzi wakitusubiri nje na madaftari yao. Tabaka zimeachana kuliko za kipande chochote tulichowahi kupima hapa. Ni kipande kilichopikwa kidogo kuliko vyote. Fundi pia alikuwa amehifadhi vijiti vyote tulivyovigonga, na vigamba vya fuwele vilivyong'oka navyo, kila kimoja kwenye karatasi yenye tarehe, kwa sababu yeye hatupi kitu. Tukavipima vyote sita. Vimejipanga kutoka kulia kwenda kushoto, bila hata kimoja kukosa zamu.

Fundi alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakagonga meza.

"Kumbe mkasi ulikuwa unatuambia," alisema.

Jumatano, 21 Mei

Profesa amezitazama karatasi saba. Kisha akaitoa barua kwenye droo, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kwenye kapu, sijui kwa nini. Akasema hii inatosha kumjibu mhariri, cha mwisho kinaweza kubaki kizima.

Nikasema hapana. Ndicho chenye mistari mikali, ndicho wenzetu watakachouliza. Asubuhi ilikuwa kavu na heliamu ilikuwa ya mara moja.

"Kibakishe, dada," Fundi alisema tukiwa peke yetu. "Hata kama kumbukumbu tu."

"Alikikuza ili kipasuliwe."

Alizima pampu ya maji, akaenda kusimama mlangoni kuzuia watu wenye viatu.

Niligonga kijiti saa tatu na dakika kumi. Saa nne picha ilianza kuteremka kwenye kompyuta, mstari juu ya mstari, polepole. Sikuhitaji hesabu yoyote. Elektroni zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, mistari ni mikali kama alivyoandika, na nafasi kati yake ni ileile aliyoandika, hadi tarakimu ya pili. Mvua ilianza saa saba, lakini tulikuwa tumemaliza.

Nimetafuta hasira yangu njiani nikirudi nyumbani. Nimezoea kugombana naye tangu kituo cha basi mpaka getini. Leo sikuwa na la kumwambia, njia ikawa ndefu.

Ijumaa, 23 Mei

Jibu limetumwa. Kurasa kumi na nne na picha saba. Tumewaomba wenzetu wapime umbali wa tabaka za fuwele zao, Profesa anadhani zao zimepikwa kupita kiasi. Nimeandika mwenyewe aya inayoeleza kosa la kuhesabu, na kwamba kosa ni langu.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuna mvua. Hakuna kipimo.

Jumapili, 25 Mei

Mama mkwe yuko imara, amerudi kwenye kiti chake cha jikoni na ungo wa mchele mapajani. Nilikaa karibu naye nikamenya viazi, nikamsimulia yote kwa lugha ya nyumbani, maana mpaka leo alijua tu kwamba kuna barua na kwamba kijisanduku kilinichanganya kazini kama kilivyotuchanganya kwenye dawa.

"Kwa hiyo barua haikwenda."

"Haikwenda, mama."

"Na mwanangu hakukosea."

"Hakukosea. Nimekosea mimi. Tena nilimsema vibaya. Nilimwita mwongo, humu humu jikoni."

"Nilisikia," alisema. "Kisu gani kile kisichokata."

Aliendelea kuchambua. Katika nyumba hii, miaka yote tuliyokaa wote watatu, hakimu ni yeye. Tukigombana, kila mmoja hutoa maneno yake mbele ya ungo huu, naye husikiliza bila kuinua kichwa, halafu humtaja mkosaji, na hukumu yake haina rufaa: mkosaji aende chumbani akaombe radhi kabla sufuria haijachemka. Nimetumwa mara nyingi. Mwenzangu alitumwa mara nyingi zaidi.

Alitoa jiwe moja kwenye mchele, akaliweka pembeni.

"Basi wewe ndiye mwenye kosa," alisema. "Nenda kamwombe radhi."

"Haya, mama."

Nikaweka kisu chini. Nikanawa mikono, nikaifuta, nikapita sebuleni nikitafuta maneno ya kuanzia, kwa sababu mwenzangu hapendi mtu aombe radhi kwa kuzunguka. Nikafika kwenye mlango wa chumba chetu, nikashika kitasa. Nyuma yangu nikasikia ungo unaanguka na mchele unatawanyika sakafuni, na mama mkwe akaniita jina langu, ambalo haniitagi.

Mlango nilikuwa nimekwisha kuufungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hapakuwa na mtu. Nililia kama mtu ambaye ndiyo kwanza anapewa habari.